Macho ya Bwana Kobelo na Msumari wa Nyandira

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, leo Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bwana Bartholomeo Kobelo, meneja wa Benki ya Bondwa tawi la Morogoro, anakabidhi funguo na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Anaondoka na afya yake njema, na sauti yake ileile inayomwita mtu wa ghorofani bila msaada wa simu, na suruali ambazo mkewe, Mama Hosiana, amezitanua kiuno mpaka kitambaa kimegoma.

Ukutani humu ukumbini, kuanzia mlango wa kuingilia mpaka dirisha la mwisho la keshia, mtaona mkusanyiko wa picha za maisha yake na kazi alizoifanyia jamii. Mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuzikusanya. Nilipokubali nilidhani ni kazi ya wiki moja na gundi kidogo. Jamani! Siku tuliyozimwaga zote mezani ndipo tulipotazamana. Katika picha zote, narudia, zote, Bwana Kobelo amefumba macho.

Anzeni na ile ya kwanza pale mlangoni. Huyo kijana mwenye nywele nyingi na tai pana ni yeye, keshia mpya wa Turiani, msimu wa miwa, mwaka 1993. Amefumba. Inayofuata ni ya harusi yake kule misheni. Mama Hosiana anatabasamu, padri anatabasamu, bwana harusi amefumba kana kwamba ameshajua bei ya ukumbi. Ipo ya mvua za masika, gari la benki limezama kwenye tope njia ya Mtibwa na yeye amesimama juu ya trela la trekta akiwahudumia wateja palepale, maana alisema wakata miwa wametembea kutoka mbali na hawatarudi mikono mitupu. Ni picha ya kishujaa kweli, ila shujaa anaonekana kama amesinzia.

Mwenyewe anasema ugonjwa huu aliupata utotoni, siku mpiga picha mmoja wa harusi alipomlipulia taa usoni. Tangu hapo macho yake yanajua kuhesabu. Moja, yupo. Mbili, yupo. Ikitajwa tatu, kishafumba.

Lakini msicheke sana, kwa sababu macho hayohayo ndiyo yaliyompa uongozi. Alipohamia mjini na kuanza kupanda miti kwenye vyanzo vya maji vya Uluguru pamoja na wakulima wa mboga, picha zilibandikwa kwenye ofisi za kata, na watu wakaona mtu wa benki kashika mche, kafumba macho, kainamisha kichwa. Masista wakasema huyu ni mtu wa sala. Msikitini Mwembesongo wakasema huyu ana hofu ya Mungu. Haukupita muda akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kisha ya uchangiaji damu, kisha ya kusafisha mto, na hakuna aliyemuuliza kama anajua lolote. Bahati nzuri alijifunza, na alifanya kazi kwelikweli. Miti ile leo inatoa kivuli, bomba la Mwembesongo linatoa maji, na wakulima wanawake wa milimani wanaoweka akiba kwetu kwa vikundi walianza kwa kufundishwa na yeye, kwa Kiluguru, chini kwenye jamvi. Shukrani zao zilikuja kwa matenga. Mlinzi wetu Nasibu alikuwa akiujua msimu kwa kunusa mlango wa meneja tu, kama ni kabichi au ni vitunguu.

Sasa nifike kwenye msiba.

Mwaka 2014 benki ilitoa kalenda ya kumpongeza kwa miaka ishirini ya kazi. Aliyeitengeneza sitamtaja, alishahama. Aliweka picha ya Bwana Kobelo katikati, amevaa suti nyeusi na shati jeupe, amefumba macho kwa utulivu mkubwa. Akaizungushia maua. Chini yake akaandika "1993 – 2013", na chini zaidi, "Tutakukumbuka daima kwa utumishi wako uliotukuka." Kalenda zikafungwa, zikapandishwa Mgeta na gari la mboga, na asubuhi ya siku ya soko zikagawiwa Nyandira, kijijini kwao.

Mnaweza kukisia. Kilio kilianzia kwenye viazi kikaenda mpaka kwenye karoti. Mchana wake lori lililokuja kubeba kabichi likageuzwa la kubeba wafiwa, na jioni likateremka mpaka nyumbani kwa marehemu pale Mwembesongo likiwa na shangazi, sufuria, kuni, mbuzi wa mjomba, na mbele kabisa mama yake mzazi, Bibi Paskalia, amejifunga kanga kiunoni na sauti imeshamkauka. Marehemu alikuwa uani amevaa kaptula, anaosha gari. Alitoa shikamoo kama kawaida. Marahaba haikuja, kilikuja kibao cha mgongoni.

Mbuzi alichinjwa hivyohivyo, maana mjomba alisema hawezi kumpandisha tena mlimani akiwa mzima, watu watauliza. Majirani waliokuja na mikeka wakala pilau, wakampa pole Bwana Kobelo kwa kufiwa na yeye mwenyewe. Hadi leo wapo wanaoukumbuka kama msiba mtamu kuliko yote waliyohudhuria.

Bibi Paskalia hakucheka. Mama aliyemlilia mwanawe njia nzima ya Mgeta haoni mahali pa kucheka, na mimi namwelewa. Aliporudi nyumbani aliing'oa kalenda ile ukutani na akatoa amri kwamba picha ya Bartholomeo aliyefumba macho haitaingia tena nyumbani mwake, kwa sababu picha ya namna hiyo ni ya maiti. Sebuleni kwake zipo picha za watoto wake wote, zimepangwa kwa kuzaliwa. Nafasi ya kifungua mimba ilibaki na msumari mtupu. Kila Krismasi Bwana Kobelo alipanda na picha mpya chini ya kwapa, na kila Krismasi alishuka nayo. Watu wazima tunajua jambo kama hilo linavyouma. Alikuwa akilisimulia kwa mzaha, lakini Januari nzima hakuna aliyemsogelea.

Mwaka huu mambo yamebana zaidi. Bibi amevuka themanini na mtoto wa jicho anamsumbua. Alituma ujumbe kwamba anataka kuyaona macho ya mwanawe ukutani kabla yake mwenyewe hayajazimika. Ndiyo maana kamati ya picha ilikuwa inahangaika. Ukuta wa benki tungeupamba tu kwa vyovyote, ila msumari wa Nyandira ulikuwa ukisubiri, na siku zilikuwa zinakwenda.

Tulijaribu kumpiga upya. Tulimpiga amekaa, tukampiga amesimama, tukampiga kwa kumvizia nyuma ya mashine ya fedha. Alikuwa anaihisi kamera kama mwizi anavyomhisi polisi. Tukamleta fundi wa picha wa Mwembesongo aliyejitolea kumchorea macho kwa kompyuta. Alichora vizuri, tatizo aliyatoa kwa mtu mwingine, na Mama Hosiana akauliza yule ni nani aliyevaa suti ya mume wake.

Basi tukaomba kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mwenye picha ya meneja ailete. Zikaja kutoka Turiani, zikaja kutoka misheni, zote za usingizi. Kisha ikaingia moja kutoka Kisaki, imetumwa na Mwalimu Yeremia, mwalimu mkuu mstaafu. Nilipoifungua nilipiga ukelele mpaka wateja wakainama chini.

Hapa lazima nieleze, maana kwa miaka saba habari ya Kisaki ilikuwa marufuku katika tawi hili. Mwaka 2018 Bwana Kobelo alikwenda huko kukabidhi msaada wa madawati kwa shule moja ya msingi. Alishika hundi ile ya mfano, kubwa kama mlango, diwani akashika upande wa pili, Mwalimu Yeremia akainua kamera. Mwalimu alisema moja. Alisema mbili. Kabla ya tatu, tembo mmoja aliyesikia harufu ya matikiti ya wageni akatokea nyuma ya jengo la darasa. Wenyeji waliondoka taratibu kwa sababu wamezoea. Meneja wetu hakuwa amezoea.

Mwalimu, kwa woga wake, alibonyeza tu. Na ndiyo hiyo picha. Tai imeruka begani, kiatu kimoja kimebaki nyuma, hundi iko kichwani kama mwavuli, na diwani anaonekana kwa mbali sana akinyoosha mkono kuomba asubiriwe. Na macho? Macho, ndugu zangu, yako wazi! Yamefunguka kupita hata ya tembo.

Siku ileile Bwana Kobelo alimsihi mwalimu aifute, na mwalimu aliahidi. Akaifuta kwenye kamera. Hakusema kwamba kabla ya kuifuta aliisafisha na kuitundika ofisini, ambako wanafunzi wote wa Kisaki wameisoma kama sehemu ya historia ya shule.

Nilimpelekea meneja ofisini kwake. Aliitazama, akaivua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema picha ile haitatoka mle ndani. Alisema amekaa kwenye kiti kile kwa heshima, kwamba ukuta wa mameneja waliostaafu una watu wenye suti wanaotazama mbele, na kwamba hatakubali kizazi kijacho kimwone yeye anakimbia na hundi. Kusema kweli alikasirika, na mimi nilikasirika zaidi. Nilimkumbusha kwa adabu zote kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia pia kwamba heshima yake ina kuta nyingi katika mji huu, ila mama yake ana msumari mmoja. Halafu nikatoka haraka, maana bado ni bosi wangu.

Siku nzima hakumwita mtu. Asubuhi yake aliingia na fremu aliyoinunua mwenyewe sokoni, ya mbao nzuri, akaiweka mezani kwangu. Nilitaka kulia. Nasibu naye alikuwa tayari kacheka tangu jana yake mpaka akaomba ruhusa ya kukaa.

Jumapili iliyopita tulipanda Nyandira, yeye na Mama Hosiana na mimi. Njia nzima alikuwa anafuta kioo cha fremu kwa leso. Bibi Paskalia aliipokea, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaileta karibu kabisa na pua. Akagusa macho yale kwa kidole, moja baada ya jingine. Akasema ndiyo haya, haya ndiyo aliyozaliwa nayo. Akauliza mwanawe anakimbia nini, tukamwambia tembo. Akauliza yule wa nyuma ni nani, tukamwambia diwani. Hapo akamgombeza Bwana Kobelo kwa Kiluguru kwa kumwacha mwenyeji wake nyuma, akamgombeza vizuri kabisa, mtu wa miaka sitini ameinamisha kichwa. Alipomaliza akapanda kigoda mwenyewe, akakataa kushikwa, akaitundika kwenye msumari. Bwana Kobelo akatoka nje kukagua kabichi ambazo hazikuwa na tatizo lolote, akakaa huko mpaka uso wake ukakauka.

Nakala ya picha hiyo imeingia pia kwenye ukuta wa mameneja, katikati ya wale wenye suti. Ameidhinisha mwenyewe.

Bwana Kobelo, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, asante. Asante kwa miti, kwa maji, kwa madawati, kwa kutusimamia mbele ya wakubwa na kutufokea faraghani. Ulituona vizuri siku zote, ila mbele ya kamera tu. Nenda kapumzike, lima, mchoshe Mama Hosiana kwa kuwa nyumbani kila siku, na ukipita mjini chai yako ipo.

Imebaki picha ya mwisho, ile ndogo karibu na mlango wa kutokea. Niliipiga siku hiyohiyo ya Nyandira, mama na mwana wamesimama chini ya msumari. Kwa mazoea mabaya nilihesabu moja, mbili, tatu. Bwana Kobelo amefumba, hilo mlilitegemea. Lakini tazameni kulia kwake. Bibi Paskalia, aliyewakwepa wapiga picha maisha yake yote bila kutoa sababu, naye amefumba, tena kwa nguvu kumshinda mwanawe. Kumbe! Habari yote ile ya taa ya harusini, na maji yalikuwa yanafuata mkondo tu. Alipoiona kwenye simu aliniamuru niifute, nami nikaitika kama Mwalimu Yeremia alivyoitika. Bibi yuko mstari wa mbele leo, na karatasi hii mliyoshika macho yake hayawezi kuisoma, hivyo yeyote atakayempeleka upande ule wa ukuta ajue ana kesi na mimi.

Mama na mwana, tunawatakia maisha marefu yenye mema, na mpiga picha asiyejua kuhesabu.

Catherine Mbena
Huduma kwa Wateja, kwa niaba ya wafanyakazi wa tawi