Doa kwenye Kikombe cha Maximilla

Kaeni karibu, wanangu. Amir, zima hiyo simu. Khadijah, niinulie mto kidogo, pumzi haipandi vizuri. Nina maneno ya kuwaachia na nguvu za kuyarudia sina.

Jana, Amir, ulidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia dada yako kwamba nikishazikwa tu, Maximilla atoke jikoni kwenye hoteli yetu ya Dunga, kwa kuwa wateja hawamtaki. Sikukasirika. Niliogopa, kwa maana maneno yale ni yangu, nimekulisha mwenyewe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi ndiye niliyekukunja.

Nyinyi mnamjua Maximilla kwa kukaanga samaki wa ngege tu. Mumewe alikuwa mvuvi, akafa, shemeji zake wakataka arithiwe na mmoja wao kama mila yao inavyotaka, naye akakataa. Basi wakasema ana chira, ile laana ya mwenye kuvunja mila, wanayosema huleta maradhi, na kwamba mjane wa namna hiyo haingii nyumba ya mtu wala hampikii mtu. Mila ile si yangu wala haikuwa ya baba yenu, kwa hiyo nikampa kazi, nikajiona mwema. Mpaka siku tajiri mmoja wa mashua alipoambiwa ni nani aliyemmiminia chai. Alisukuma kikombe, akaondoka na wavuvi wake wote.

Jioni ile nilinunua rangi ya kucha, nyekundu. Mnajua kwenye matanga kila mama hutia alama vyombo vyake visipotelee kwa wenzake. Nikatia doa kikombe kimoja na sahani moja, nikamwambia hivi ni vyako, visichanganyike, nikasingizia matanga. Alinitazama, akasema, "Sawa, Mama." Tangu hapo akawa anaviosha kando, wateja wakarudi, na mwaka uleule nikaiezeka nyumba hii mabati mapya. Hakuna daktari aliyempima, hakuna mtu aliyethibitisha lolote. Hata mgeni aliyeshuka kutoka Sondu asiyejua habari za mtu aliliona lile doa, akajua amkwepe nani. Wanasema lisemwalo lipo. Lile halikuwepo, wanangu, nililiweka mimi.

Sasa sikilizeni linaloniua kabla ya huu ugonjwa. Binti yake, Akello, alipoanza darasa la kwanza, alinunuliwa kikombe cha plastiki cha uji. Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko na chupa yangu ya rangi, anakitia doa. Nikamwuliza nani amemtuma. Akanijibu hajatumwa na mtu, vikombe vya kwao ndivyo vilivyo. Nilimnyang'anya ile chupa nikaitupa chooni, na nilipaswa kuvitupa na vile vyombo. Sikuvitupa. Wateja walikuwa wamejaa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Juzi nilimwita Maximilla dirishani nikamwomba msamaha. Miaka kumi na moja hajavuka mlango wetu. Akaniambia, "Nitakusamehe aje, Mama, na bado niko nje?"

Kwa hiyo shikeni neno langu. Nyumba hii ni yenu, mgawane kwa mafungu ya dini. Dini hiyohiyo inaniruhusu kumwachia asiye mrithi theluthi ya mali yangu, na hoteli haifiki theluthi, Imamu ni shahidi. Hoteli ni ya Maximilla. Usinitazame hivyo, Amir. Ukimpinga sina radhi nawe, na radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Siku ya matanga yangu akae ndani na kina mama. Khadijah, ule naye sahani moja, watu wakuone. Atakayeondoka kwa sababu hiyo, mwacheni aende na njaa yake.

Mungu awape riziki isiyo na machozi ya mtu ndani yake. Awape... awape watoto watakaowaambia ukweli mapema kuliko mimi. La, maji sitaki.

Amir. Maximilla yuko uani tangu adhuhuri. Usimwite kwa kupaza sauti, nenda mpaka alipo, umwambie mama anakukaribisha ndani. Mlango wa mbele... fungua wote.

Khadijah, macho yangu... amefika? Amesimama kizingitini?

Usimvute, mwanangu. Mwache aamue mwenyewe.