Sauti Moja Kabla ya Chai

Watawa wa hekalu letu, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia mimi Chizuru, mtoto wake wa kwanza, nawasomea maisha ya baba yetu, mzee Kyuzo Hatakeda, mpiga shakuhachi, filimbi yetu ya mwanzi.

Baba alizaliwa tarehe 4 Februari 1941, kijijini hapa Kamisawa, mkoani Nagano, akiwa mtoto wa tatu wa mchoma makaa, akasoma hapa hapa hadi Machi 1956, na mwezi uliofuata akaajiriwa posta, akapeleka barua milimani kwa miaka arobaini na mitano. Mwaka 1963 mtawa mkuu wa wakati huo alimfundisha wimbo wa kuwaaga wafu wa kijiji hiki, wimbo usioandikwa popote, ambao mwalimu humwachia mwanafunzi mmoja tu. Tarehe 12 Mei 1968 alimwoa mama yetu, Fumie, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Tetsuo.

Wimbo huo ndio ulionitesa. Tangu Oktoba 1990, kila asubuhi kabla ya chai, nilikaa naye mbele ya madhabahu ya nyumbani nikapuliza sauti moja, ya chini kabisa, kwa sababu alisema asiyeiweza hiyo hapewi wimbo, na kila asubuhi alinijibu, "Bado, Chizuru. Unapuliza kama mtu anayepoza supu." Miaka ya karibuni Mama alimpigia kelele kutoka jikoni, "Baba Chizuru, mtoto anakaribia hamsini huyo, bado mpaka lini?" naye akajibu, "Mpaka aache kupuliza ili nimsifu." Tetsuo alileta mashine ya kurekodi ili wimbo usipotee, kesho yake akaikuta nje, Baba ameiweka kando ya viatu.

Machi 2018 mapafu yake yalianza kuugua, na kufikia Novemba hakuweza kupuliza tena. Desemba niliwasha hita ili apate joto, nikaisahau filimbi karibu nayo, mwanzi ukakauka na kupasuka, nikalia, yeye akasema tu, "Ufunge uzi, uendelee."

Tarehe 17 Januari 2019, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilipuliza kando ya kitanda chake, akagonga godoro mara mbili kwa kidole, ishara yake ya kuniambia nirudie, nikarudia, akagonga tena, nikarudia, na safari hiyo hakugonga. Sijui kama niliipata, au kama alikuwa amekwisha kwenda. Namwomba Buddha aniondolee hasira hii, na sijaondolewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliozoa theluji mlangoni petu, na wenzake wa posta waliobeba jeneza.

Mtuwie radhi, leo mtu wa Kamisawa anaagwa bila wimbo, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa nao. Nitapuliza ile sauti moja, kwa filimbi iliyofungwa uzi. Baba, pumzika kwa amani, na kesho asubuhi, kabla ya chai, nitarudia.