Mume Asiyelia

Kivuko cha kutoka kisiwa cha Salamina kilikuwa kimejaa vitunguu na mbuzi. Nilijifanya nimelala ili nisikie vizuri.

Mwanamke aliyekata nywele kwa ajili ya msiba alikuwa akimwambia mama muuza jibini aliyeketi naye, "Tumemzika Mirto, binti yetu wa pekee, na mume wangu hakutoa hata chozi. Kesho yake akarudi barazani kwa mwanafalsafa wake. Eti mtu mwema huitawala nafsi yake."

"Bahati yako, dada," akasema muuza jibini. "Wangu kikombe tu kinamshinda. Akilewa analia, akimaliza kulia anatupiga. Njoo tubadilishane!"

"Usinitanie. Wewe ukimlilia, anakusikia?"

"Akiwa macho."

"Basi una mtu nyumbani. Mimi nikilia, wangu ananifunika shuka vizuri, halafu ananieleza kwamba huzuni ni kosa la kufikiri. Jana nilivunja mtungi makusudi, angalau anitukane. Akaokota vigae kimoja kimoja, akanishukuru kwa kumpa zoezi."

Muuza jibini alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Akakata kipande cha jibini, akampa mwenzake. Kikabaki mkononi, hakikuliwa wala hakikurudishwa. Mbuzi akakiangalia kwa matumaini.

Tulipofika bandari ya Pireo, mume wa yule mfiwa alikuwa akingoja gatini, nywele zake ndefu zimechanwa. Akamshika mkewe mkono ashuke.

"Bahari ilikuwa shwari?"

"Shwari kama wewe."

Akatabasamu. Alidhani amesifiwa.