Vitabu Arobaini na Kimoja vya Marehemu Mwikwabe Magige (1957–2013)

Wewe uliyeketi hapa, kitabu cha marehemu ulichowekewa kiko wapi?

Familia inajua kwamba wasifu hauanzi hivyo. Ungeanza kwa shukrani, na shukrani zipo. Lakini marehemu hakuwa mtu wa kuzunguka jambo, na jambo lililomnyima usingizi mpaka siku yake ya mwisho ni hilo. Atakayevumilia kusikiliza ataelewa kwa nini tunauliza mbele ya jeneza.

Marehemu Mwikwabe Magige alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Nyambureti, ambacho leo kiko Wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Magige Mwikwabe. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu walivyodhani, kwa sababu zizini kwake hawakuonekana zaidi ya kumi. Wengine aliwaweka kwa marafiki, mmoja hapa, wawili kule, mpaka Natta, ili wezi wakija usiku mmoja wasiimalize nyumba. Aliyewekewa alikunywa maziwa, lakini ndama akizaliwa alimjulisha mwenye mali. Jambo hilo halikuandikwa wala kutangazwa. Walilijua watu wawili, na mzee alipokaribia kufa alimwita mwanawe wa kiume akamwambia ng'ombe wako kwa nani. Aliyewekewa naye, akisikia msiba, alimleta ng'ombe mwenyewe kabla kaburi halijafukiwa. Tumeeleza haya kwa kirefu kwa ajili ya wageni waliotoka mbali, na kwa ajili ya wenyeji waliojifanya wamesahau.

Alisoma shule ya msingi hapo Nyambureti kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Kijijini kulikuwa na duka moja, la Mzee Athumani, aliyefunga sukari kwa kurasa za magazeti ya zamani. Mama yake alipomtuma sukari, Mwikwabe alichelewa kurudi, kwa sababu alimwomba Mzee Athumani atafute ukurasa unaoendelea pale ule wa juzi ulipoishia. Mzee Athumani alimwambia, "Kijana, mimi nauza sukari. Habari ni nyongeza." Lakini aliutafuta. Kwa njia hiyo, robo kwa robo, mtoto wa Nyambureti alifuatilia vita vya ukombozi vya Msumbiji. Aliendelea na sekondari mjini Musoma, 1973 hadi 1976, kisha akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja.

Mwaka 1978 aliajiriwa Dar es Salaam kama fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Huko alifahamiana na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokuwa wakileta makaratasi yao yajalidiwe. Miaka kumi na mitatu aliwashonea vitabu vyao, na wao wakamfundisha kuvisoma. Walipoanza kurudi kwao, mmoja wao alimkabidhi sanduku la bati. "Ndege haibebi hili," alimwambia. "Wape watu wako." Ndani yake mlikuwa na vitabu arobaini na kimoja.

Alikuwa amemwoa Robi mwaka 1984 kwa ng'ombe kumi na saba, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani mwaka 1987. Walijaliwa watoto wawili wa kike, Eunice na Gati. Mama Robi bado anasimulia siku ya mwaka 1991 mumewe aliposhuka basi Tarime na lile sanduku. Wanaume wanne walilibeba, na kabla halijafika kijijini kwa wakwe zake habari zilikuwa zimetangulia kwamba Mwikwabe amerudi na mali. Shemeji wakachinja mbuzi. Sanduku lilipofunguliwa, baba mkwe wake alichungulia, akasema, "Basi mbuzi tumeshamla."

Mwaka 1992 aliifuata dhahabu kama wanaume wengine, akahamia Nyangoto na familia yake. Alichimba na kikundi cha rafiki yake Mseti, na mawe waliyasaga kwenye karasha isiyo na maji, vumbi likiwa jeupe mpaka kwenye kope. Saa ya mapumziko, wenzake walipocheza karata, yeye alikaa kwenye mdomo wa shimo akasoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kiswahili na pengine Kikurya. Ndipo walipoanza kumwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kuajiriwa ualimu hata siku moja.

Mwaka 1996 alijenga chumba cha matofali ya udongo na bati, akakiita Nyumba ya Vitabu. Mlangoni aliandika kwa chokaa utaratibu wa kusoma, na hakumruhusu mtu kuuruka. Kwanza mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Pili vita vya Majimaji. Tatu watu weusi wa kusini mwa Marekani na namna walivyogoma kupanda mabasi yaliyowadharau. Nne wapigania uhuru wa misitu ya Kenya. Tano Guinea-Bissau, na sita wachimbaji wa Afrika Kusini na migomo yao. Waliotaka kukimbilia cha sita kwa sababu ni cha wachimbaji aliwarudisha. "Utajuaje mgomo kabla hujajua minyororo?"

Wapo waliosema anapoteza muda wa watu. Mseti mwenyewe alimbishia siku aliyosomewa habari za Haiti.

"Mwalimu, hawa si walishinda? Mbona bado ni maskini?"

"Walishinda vita. Halafu Ufaransa ikawaambia walipe fidia."

"Fidia ya nini?"

"Ya wao wenyewe. Walikuwa mali ya watu."

Mseti aliweka sururu chini. "Yaani mtumwa alimlipa bwana?"

"Miaka zaidi ya mia moja."

"Basi hata sisi ipo siku tutaambiwa tulilipie shimo," alisema Mseti, na wote wakacheka. Marehemu hakucheka. Alimwambia tu, "Hicho ulichosema kiandike."

Hapo ndipo kanuni yake ilipoanzia. Aliviweka vitabu kwa watu kama baba yake alivyoweka ng'ombe. Ukipewa kitabu unakunywa maziwa, yaani unasoma wewe na nyumba yako. Lakini lazima kizae. Ndama wa kitabu alikuwa daftari, ambamo msomaji aliandika kwa Kiswahili chake alichoelewa, ili asiyejua Kiingereza asome. Kitabu kilichochakaa alikipeleka Tarime kwa fundi viatu Shamsudin, aliyekishona kwa uzi wa viatu na kukipa jalada la ngozi. Shamsudin aliwahi kumtania, "Mwalimu, kitabu hiki kimetembea kuliko kiatu chako." Ilikuwa kweli.

Mwaka 2007 walikuja wathamini, kwa kuwa eneo lile lilitakiwa kwa upanuzi wa mgodi. Ni kweli kwamba wakati ule watu walijenga vibanda usiku na kupanda migomba siku mbili kabla ya tathmini ili walipwe. Wenyeji waliita tegesha, na wengine wenu mnaosikiliza mlitegesha. Marehemu hakutegesha. Mthamini, kijana mwenye faili, aliingia Nyumba ya Vitabu akatazama pande zote.

"Mzee, shikamoo. Hapa hakuna kitanda wala jiko. Anakaa nani?"

"Marahaba. Wanakaa hawa," alisema, akionyesha vitabu.

"Hii ni tegesha."

"Ina miaka kumi na moja, mwanangu."

"Tegesha ya muda mrefu," alisema kijana, akaandika.

Majirani waliokuwa wamesoma humo miaka kumi na moja walisimama pale nje. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake inayosubiri kuandikwa. Familia inalisema hili bila chuki, lakini inalisema.

Alipewa siku saba. Kwa siku sita alizunguka akiviweka vitabu vyote arobaini na kimoja kwa watu, kimoja kimoja, wa Nyangoto, wa Nyambureti, wa Mugumu, mpaka Natta. Siku ya saba nyumba ilibomolewa. Hakuandika orodha. Mwanawe Eunice alimletea daftari na kalamu, akakataa. "Ng'ombe aliyewekwa haandikwi. Ukimwandika umemtukana uliyemwekea." Mtu aliyesoma historia ya nusu ya dunia alikataa kuandika majina arobaini na moja.

Baada ya hapo watu walilipwa, wengine wakahama, na vitabu vikahama nao. Marehemu alitumia miaka mitano kuvifuata kwa miguu. Alikuta kimoja kinaegemeza kabati, na kingine kilikuwa kimebaki majalada tu, kurasa zikiwa zimefungia karanga sokoni. Alirudi na majalada yale akayaweka juu ya meza, na wiki nzima hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2009. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, na mara mbili dawa hazikusaidia, mpaka mwaka jana daktari alipoeleza kwamba ni vumbi la mawe lililokaa kwenye mapafu na kwamba halitoki. Kuanzia mwezi Februari mwaka huu hakuinuka tena kitandani. Aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemkalisha ili apate pumzi, ni Eunice, aliyewaacha watoto wake watatu kwa wifi yake miezi minne. Mara nyingi alimwuliza, "Baba, masikio ninayo. Niambie vitabu viko kwa nani."

Naye alijibu, "Daudi akija."

Daudi ni mtoto wa mdogo wake, ndiye anayesoma maneno haya. Alikuwa chuoni Mwanza. Jumapili tarehe 9 Juni alipigiwa simu na Eunice kwamba Baba Mkubwa anamwita, akajibu kwamba amebakiza mtihani mmoja. Mtihani ule ulihusu harakati za ukombozi wa Mwafrika, na alipata muda wa kujaza kurasa nane. Alifika Nyangoto Jumanne tarehe 11, saa saba mchana.

Marehemu alimtoa kila mtu chumbani, na Eunice pia, akaanza kutaja. Alihesabu kama baba yake alivyohesabu, akianza na walio mbali huku akisogea nyumbani. Alitaja Natta, akataja Mugumu, akataja Nyambureti. Alipumzika kila baada ya jina. Alipotaja la kumi na tisa alikuwa amefika kwenye mpaka wa Nyangoto, na hapo pumzi ikamwishia. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Kwa hiyo tunawajua wa mbali. Wale ishirini na wawili asiowataja ni ninyi wa karibu.

Daudi alipotoka chumbani, Eunice alikuwa amesimama mlangoni. Alimwuliza amepata majina mangapi, akamwambia. Eunice alisema, "Miezi minne nilikuwa naye," akaingia kumfunga baba yake macho. Familia imekubaliana jambo hili lisomwe kama lilivyotokea. Marehemu aliwafundisha wanaume wa machimbo kwamba hakuna aliyezaliwa kuwa chini ya mwingine, kisha akaziba midomo yake mbele ya mtoto wake kwa sababu ni mwanamke. Tulimpenda, na hili tunalilaumu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Robi, watoto wawili, Eunice na Gati, wajukuu watatu, mdogo wake, Nyamhanga, na vitabu arobaini na kimoja, tukihesabu na kile cha majalada tu, ambacho naye alikitaja. Kati ya vile ishirini na viwili asivyovitaja, viwili vimekuja vyenyewe, vyote Jumatano. Ishirini havijulikani viliko mpaka karatasi hii inakwenda kuchapwa. Kaburi halijafukiwa. Yeye na alale sasa, mapafu yake yametulia. Vitabu vyake visilale.

Limebaki jambo moja, ambalo Daudi alilishuhudia kesho yake, Jumatano asubuhi. Wanaume walikuwa uani wakibishana turubai lifungwe upande gani, ndipo alipoingia Mama Mokami, yule muuza uji wa machimboni, na mzigo mgongoni kama mtoto.

"Mokami, umetuletea uji?" aliuliza Mseti.

"Nimeleta ng'ombe."

Alifungua kanga. Mlikuwa na kitabu cha Haiti, chenye jalada la ngozi la fundi Shamsudin, na madaftari matatu.

"Wewe uliwekewa?" alisema Mseti. "Si hujui kuandika hata jina lako."

"Ndiyo maana kimekaa salama. Wewe unayejua kusoma, chako kiko wapi?"

Mama Mokami alieleza kwamba kibandani kwake, mchimbaji aliyetaka kikombe cha pili cha uji alimsomea kwanza ukurasa mmoja, akaandika daftarini alichoelewa, akaweka na jina lake. Asiyejua Kiingereza alielezwa na mwenzake, kisha akaandika. Miaka sita walifanya hivyo. Kitabu kilikuwa kimesomwa kutoka mwanzo mpaka mwisho mara tatu.

Daudi alinyoosha mikono apokee. Mama Mokami alimpita, akaenda mpaka kwenye kizingiti alipokuwa amekaa Eunice, akamwekea vyote mapajani.

"Wewe ndiye uliyekaa naye," alisema. "Hao ndio watu wake. Wahesabu."

Eunice alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua daftari la kwanza, akasoma jina la kwanza kwa sauti ya kusikika ua mzima. Lilikuwa la Mseti. Mseti aliinuka, akavaa kofia yake, akaelekea kwake kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Eunice hakuinua macho. Akasoma jina la pili.