Soksi ya Kulia

Mbele ya geti la kiwanda cha soksi, pale Daegu, kuna duka, na mbele ya duka kuna benchi lililolainishwa na makalio ya watu wale wale. Saa nane mchana, zamu ya kwanza ikitoka, wanakaa hapo na kahawa yao ya pakiti, tamu ya kuumiza jino. Siku hiyo walikuwa wametoka kwenye mkutano wa ajabu. Hakuna ajenda wala mwenyekiti. Kila mtu anabandika neno lake ukutani, watu wanakaa vikundi kwa maneno hayo, na aliyechoshwa na kikundi ruksa kunyanyuka. Zamu ya pili, watu thelathini na tisa, hawakuwapo. Kura ya kuwafikishia yaliyosemwa ikamwangukia Ok-bun, mshona vidole vya soksi, ambaye na kalamu hawajawahi kuelewana. Mwaka jana zamu ya pili hawakuletewa hata neno, wakanuna, wakakaa mwezi mzima hawaitikii salamu getini. Wifi yake mwenyewe alikuwa mmojawao. Sasa saa tisa wanaingia, naye hana kitu mkononi.

— Andika tu, dada, alisema Mal-sun. Kijiweni anaitwa Redio, maana hana pa kuzimia.

— Niandike nini? Yule binti wa ofisini kasema hataki maandishi ya kusinzisha, anataka ubunifu. Ubunifu ndio nini, unapakwa?

— Chora, alisema Du-sik, fundi mashine, mwembamba hadi wakamwita Sindano. Ukuta mzima! Kila aliyesema anakuwa mnyama.

— Wewe mnyoo.

— Picha! Redio akadakia. Nimepiga sitini.

— Sitini, zote za keki ya mkutano.

— Na moja ya kisogo chako, dada. Kimetoka vizuri kuliko uso.

— Toka hapa!

— Basi tuigize. Mimi niwe lile joto la ukumbi wa pili tulilolalamikia, Sindano awe feni iliyokufa.

— Kufa anajua, alisema Ok-bun. Mpe kazi uone.

Sindano hakujali. Alikuwa ameduwaa, kikombe kimesimama njiani kwenda mdomoni.

— Sisi tunatengeneza nini jamani? Si soksi? Tuufume mkutano! Ya kushoto, tuliyoyasema. Ya kulia, aliyojibu bosi. Mtu anavaa, anatembea na mkutano mzima.

— Huyu kahawa imempanda kichwani, alisema Redio.

Lakini Ok-bun, aliyeyacheka yote, hili hakulicheka.

— Kimbia, alimwambia. Anza na ya kushoto.

Dakika ishirini baadaye Sindano alirudi akihema, soksi ingali na joto la mashine, imefumwa picha: feni, mlango wa choo usiofunga, kiti kilichovunjika mgongo. Ok-bun akatoa sindano kwenye kola, akafunga vidole palepale. Kabla hajakata uzi, wifi yake Yeong-ran akatokea na mfuko wa chakula.

— Haya wifi, mwaka huu mmekula nini?

Ok-bun akamrushia soksi. Yeong-ran akaigeuza, akaisoma kwa kidole.

— Feni. Kiti. Na huu mlango… Choo hiki si kile cha zamu yetu?

— Chenu.

— Mmetusemea na sisi?

— Tulikuwa na midomo, tukaitumia. Kunywa kahawa.

Yeong-ran akacheka, akakaa, uso umemlegea. Kisha akaangalia huku na huku.

— Na ya kulia? Bosi kajibu nini?

Redio akazima, mara ya kwanza tangu azaliwe. Bosi alikaa kikundi cha feni dakika tano, akasema asante, akanyanyuka. Si ruksa?

Yeong-ran hakungoja zaidi. Akavua viatu na soksi zake zote mbili, akavaa ile moja, mguu wa kulia ukabaki uchi.

— Napitia ofisini kwake hivi hivi. Akiuliza nyingine iko wapi, nitamwambia anayo yeye.

Ok-bun akaangalia saa, akampiga Sindano kofi la mgongo.

— Umeketi nini? Rudi kwenye mashine! Zamu ya pili bado wana miguu thelathini na minane ya kushoto.