Risasi Haikutoka Mwambani: Kumuaga Spasija Mpima Udongo

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa maabara ya udongo, jirani zangu wakulima wa Lipovdol, na wewe dada Spasija tunayekuaga: habari za mchana.

Mimi Vangel, mwenyekiti wa wakulima, nimeombwa niseme maneno matamu, nikabidhi saa ya ukutani, tunywe pombe yetu ya rakija, twende zetu. Saa nimekabidhi. Maneno matamu yatasubiri.

Miaka kumi iliyopita mama huyu aliingia na koleo kwenye shamba langu la mizabibu. Nikamwambia, "Chimba, uone sumu ya kiwanda hicho cha madini!" Akachimba shimo la kumfika kiunoni, akachukua udongo wa juu, wa kati na wa chini. Aliporudi na majibu akasema, "Kaka Vangel, nikeli ni ya mwamba, kadiri unavyochimba ndivyo inavyozidi. Risasi, hiyo metali yenye sumu, ni ya moshi wa kiwanda, imekaa shubiri moja ya juu tu. Ila hii shaba, kaka, ni yako."

"Yangu kivipi?"

"Si hiyo dawa ya bluu mnayopulizia mizabibu, wewe, baba yako na babu yako? Mlidhani inakwenda wapi?"

Nilimfukuza. Nilimwita kibaraka wa kiwanda mbele ya watu, mpaka mke wangu akaona haya. Leo naomba radhi mbele yenu nyote. Shaba ni yangu.

Sasa niambieni, mwanamke aliyenipasulia ukweli mimi, angemsitiri vipi mwenye kiwanda? Mwezi uliopita alirudishiwa na wakubwa wake ripoti yake ya udongo aongeze sentensi moja tu, kwamba risasi ya bonde hili ni ya asili. Sentensi moja, na mwenye kiwanda hatalazimika kuondoa hata koleo moja la udongo! Akakataa. Wiki hiyo hiyo ikagundulika kuwa amechoka, astaafu apumzike. Amechoka? Juzi nimemkuta ndani ya shimo, tope hadi magotini!

Ni mwamba gani huo, waheshimiwa, unaoweka risasi juu na kuacha chini pasafi? Milima hii ilikuwapo kabla ya kiwanda, na spinachi ya jirani yangu Velika ilikuwa ikigombewa sokoni Skopje. Leo inarudishwa, na wajukuu zake ndio wanaoila. Mnataka niwaambie watoto wale kwamba ni kazi ya Mungu? Nina hasira, na sioni haya kuwa nayo.

Mheshimiwa Meya, ripoti yenyewe, isiyoguswa, ninayo hapa. Wakulima arobaini wametia sahihi kuiunga mkono, nami wa kwanza, pamoja na shaba yangu. Bila sahihi yako haina nguvu. Nimeiweka mbele yako, na kalamu juu yake.

Dada Spasija, ahsante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bila kuninyang'anya kipaza sauti. Chakula kiko tayari, lakini sisi wakulima tutasimama hapa hapa mpaka Meya atie sahihi.