Kibao cha Nyuma

Weka chini huo msasa, mwanangu wa kwanza, uweke chini kabisa, uje ndani uketi hapa karibu na dada yako niione mikono yako. Nimeita mpaka kifua kimeniuma. Nimesikia mkwaruzo kupitia dirishani nikajua unakisugua kile kibao cha namba ili mnunuzi akija kesho saa nne akikute kinang'aa, na nia yako ni njema, lakini ungesugua dakika mbili zaidi ungefuta kitu pekee katika gari lile ambacho hakina mwenzake popote. Umegusa wapi? Pembeni tu? Pembeni si neno. Kaa.

Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kupima. Mdogo wenu nimemtuma tangu mchana, na nimewasikia mkinong'onezana amekwenda wapi. Nitawaambia. Saa ngapi sasa? Kumi na robo? Alipaswa kuwa amerudi. Dirisha liacheni wazi, nataka kusikia geti. Mto huu nao, uinueni kidogo, nikilala chali maneno yananirudi kooni.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu nimeuficha miaka arobaini na moja, tena nimeufunga skrubu nne nikauegesha uani mbele ya macho yenu. Gari lile mmezaliwa mkalikuta, rangi yake ya chai ya maziwa, mmepanda juu yake mkachapwa, mmepigia picha za harusi mbele yake. Wiki iliyopita alipokuja yule bwana mkusanya magari ya zamani, mlimfungulia injini, mkamwashia na taa, naye hata hakutazama. Alizunguka nyuma, akapiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe, akavaa miwani, akakaa na kile kibao mpaka wewe, mwanangu, ukanikonyeza ukidhani ameona kutu. Hakuona kutu. Alisema injini hununuliwa na viti hushonwa, lakini rangi iliyopakwa kwa mkono siku gari lilipoandikishwa, ikapasukapasuka yenyewe kwa jua la miaka yote hiyo, hakuna fundi wa kuirudisha, na bila kibao hicho gari zima ni bati tu. Alisema kweli. Gari la zamani lenye vibao vipya ni kama mzee mwenye meno ya kununua, anatafuna vizuri lakini kila mtu anajua. Akauliza, nani aliandika hii? Nikamjibu, mimi. Kisha akaenda mbele, akakitazama kibao cha mbele, akacheka, akauliza, na hiki je, aliandika nani? Nikamwambia, sijui.

Cha mbele ndicho nilichoandika mimi. Kile cha kwanza nilikikunja ukutani nilipokuwa najifunza kuendesha, nikatengeneza kingine kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi zake mnaziona zilivyoegemeana kama walevi watokao harusini. Cheka, binti yangu, cheka tu, hata mimi ningecheka kama mbavu zingeniruhusu.

Cha nyuma kiliandikwa na baba yenu mdogo. Ndiyo, huyohuyo, yule mzee anayeandika vibao vya maduka karibu na stendi, mnayempita bila salamu kwa sababu niliwaambia ni mvivu aliyenikimbia wakati kazi zimejaa. Hakunikimbia. Wala hajawahi kuwa mvivu hata siku moja ya maisha yake.

Tulikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, mimi na yeye, na kila aliyenunua gari katika mji ule alikuja kwetu kufanyiwa namba. Mimi nilikata bati kwa mkasi, nikakunja kingo, nikatoboa matundu, nikapaka rangi nyeusi mara mbili. Yeye aliandika. Alipiga mstari wa chaki, akashika pumzi, akaandika herufi nyeupe kwa brashi bila kurudia, na saba yake alikuwa akiupinda mguu ndani kidogo, kama mtu aliyesimama kusikiliza, hivi kwamba gari likipita mbali tulijua kama ni letu kabla hatujaisoma namba. Sakafu yetu ilikuwa udongo mtupu, lakini hakuingia bila kupangusa miguu kwenye gunia pale mlangoni, kulia, kushoto, kisha kulia tena, nami nikawa namtania kwamba anaogopa kuchafua vumbi. Na kila kibao alikiandika nyuma pia, kwa brashi ndogo, mahali ambapo hakuna mteja angepaona. Aliandika: Kazi ya kaka na mdogo wake. Mimi ndiye niliyetangulia, mnaona? Mkono ulikuwa wake, na bado alinitanguliza mimi.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Siku moja akaja daktari wa meno kuchukua vibao vya gari lake jipya, hilihili lililo uani. Akaviinua mwangani, akasema hajawahi kuona namba iliyoandikwa vizuri hivyo, akauliza, nani ameandika hii? Ndugu yangu alikuwa amesimama palepale, brashi mkononi. Nikasema, mimi. Sikupanga kusema hivyo, wanangu, naapa, lilinitoka tu kama chafya. Lakini chafya mtu huomba radhi, na mimi nilinyamaza. Yeye aliosha brashi kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaifunga katika karatasi, akaitia mfuko wa suruali, akatoka, na shati lake la kazi akaliacha linaning'inia msumarini. Nilipogeuza vibao ili nivifunge nikayaona yale maneno, nikachukua brashi nene nikayafunika kwa rangi nyeusi. Daktari aliponiuliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya kutu.

Uongo ule ulizaa. Watu wakaniita Fundi Mkono, nanyi mmekua mkiitwa watoto wa Fundi Mkono, na nilikuwa nikiitika. Miaka tisa baadaye daktari alistaafu, akawa anahamia kwa wanawe, akaja na funguo. Kumbukeni maneno yake kama alivyoyasema, maana hapo ndipo kesi yote ilipo. Alisema, gari hili simuuzii mtu, nampa aliyeliandika namba. Nami nikanyoosha mkono huu, nikazipokea. Usisafirie nyota ya mwenzio, nilikuwa nikiwaambia mkiwa wadogo, na mimi nimesafiri kwa gari la mwenzangu hadi uzeeni.

Kwa hiyo mnaelewa. Usiniangalie hivyo, mwanangu, najua umeshampa fundi vipimo vya paa jipya, na wewe, binti yangu, umeshachagua cherehani. Gari lile si la kurithi kwa sababu halikuwa langu. Najua mtajiambia baba alikuwa na homa, alikuwa anaweweseka, tumuuzie yule bwana kesho halafu tuone. Ndiyo maana sitaki kusubiri. Leta bisibisi. Nenda sasa, nikiwa bado naona, fungua skrubu nne za kibao cha nyuma, taratibu, kilaze kwenye taulo uso chini, ukilete hapa kitandani. Nenda!

Wakati anafungua, nikwambie wewe neno, binti yangu, maana wewe ulikuwepo mama yenu alipolazwa. Unakumbuka mlango wa chumba chake? Namba saba. Niliiona ile saba siku ya kwanza, mguu umepinda ndani, na rangi ilikuwa bado inanuka. Muuguzi akaniambia mwandishi yupo ujia wa pili, juu ya ngazi, anaendelea na milango mingine. Hatua thelathini. Nilikaa siku sita mbele ya saba ile, mama yenu akafa nyuma yake, na zile hatua thelathini sikuzipiga. Niliona haya. Niliogopa ataniuliza habari za gari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kifua.

Kimefunguka? Kilete. Polepole. Sasa chukua kitambaa laini na mafuta ya taa, si petroli, upanguse upande huu wa nyuma, usisugue, pangusa tu. Rangi yangu niliipaka kwa hasira juu ya vumbi, haikushika vizuri. Yake ilikaushwa siku tatu, haitatoka. Endelea. Kuna nini? Kuna weupe? Soma, binti yangu, mimi sioni, soma kwa sauti.

Ndiyo.

Ndiyo, hivyohivyo.

Sasa yashikeni haya. Nyumba ni yenu watatu, msiigawe vyumba, chumba cha mbele dada yenu ashonee. Mkasi wa bati na nyundo ni vyako, mwanangu wa kwanza, ulinizidi kukunja kingo tangu zamani na sikukuambia. Gari ni la baba yenu mdogo. Mnunuzi akija mwambieni hivyo getini, kabla hajavaa miwani. Baba yenu mdogo akitaka kuliuza, auze. Akitaka kulichoma moto, mpeni kiberiti. Akiwapa kitu, pokeeni kwa mikono miwili. Asipowapa, nisisikie kunung'unika huko niendako. Kaburini kwangu msiweke kibao, ila yeye akikubali kukiandika. Muombeni mara moja tu. Akikataa, pabaki hivyohivyo.

Msinifanyie suluhu ya harakaharaka. Mwenye kovu usidhani amepoa. Mdogo wenu nimemtuma akamwite, lakini huenda asije. Huenda kijana amemkuta, naye amekataa, ndiyo maana anachelewa. Saa ngapi? Mbona hamniambii saa?

Akija, mimi... sauti yangu haitafika. Nimefikiria. Wewe kinyanyue kibao, uniulize mbele yake alivyouliza daktari. Nani ameandika hii? Nami nitamnyooshea kidole. Nikishindwa kunyanyua mkono, jibuni ninyi, wote, yeye akisikia. Semeni, baba mdogo. Hebu semeni sasa, nisikie. Mnasema kama mnaoomba chumvi. Tena. Tena, wanangu.

Mungu awape... awape kauli iliyonyooka. Akupe wewe paa, na wewe cherehani, kwa jasho lenu, msile kitu cha mtu. Na yule mdogo wenu, mwambieni nimembariki kwa kwenda. Msishindane. Mkigombana, mgombane mchana, jioni mle pamoja... Nimechoka. Mikono yangu i wapi? Niwekeeni kibao hapa, juu ya kifua. Kizito kidogo. Nilikata bati nene, siku ile.

Nyamazeni.

Geti.

Nyamazeni, nasema... mlangoni kuna mtu anapangusa miguu. Kulia. Kushoto...

Kinyanyue, mwanangu. Juu. Niulize. Niulize sasa hivi, kwa sauti.